DAMU NI YA NANI? SWALI LILILOTOKA KAPKATET

Ndugu zetu wenye maduka Kapkatet, katika nchi ya majani ya chai ya Kericho na Bomet, wametuletea swali. Wao ni watu wa Pwani waliokwenda huko kutafuta riziki, nao wamesikia mambo mawili. Wamesikia kwamba Kenya imeondoa adhabu ya kunyongwa; na wamesikia wazee wa mahali wakisema kwamba zamani mtu akiuawa, ukoo wa muuaji ulitoa ng'ombe na ugomvi ukaisha. Basi wanauliza: akiuawa mmoja wetu huku, na jamaa zake wakapokea ng'ombe, je, kesi imekwisha? Na sharia yetu yasemaje?

Twaanza na hilo la kwanza, kwa kuwa uvumi wake umeenea hata barazani kwetu. Si kweli kwamba adhabu ya kifo imeondolewa. Kanuni ya Adhabu, ambayo asili yake ni ya mwaka 1930, zama za Waingereza, ilisema katika kifungu cha 204 kwamba aliyethibitika kuua kwa kusudi atahukumiwa kufa. Jaji hakuwa na hiari. Muuaji awe kijana aliyeghadhibika au jambazi aliyevizia njiani, mwanamke aliyepigwa miaka kumi na mumewe au mwana aliyemuua babake kwa tamaa ya shamba, hukumu ilikuwa moja.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa hapa hapa kwetu. Mwezi wa Julai 2010 Mahakama ya Rufani, ikikaa Mombasa, ilisema kwamba kumlazimisha jaji ni kinyume cha katiba. Uganda, mahakama yake kuu kabisa ilikuwa imekwisha kusema vivyo hivyo mwaka 2009. Mwaka 2013 majaji watano wa Mahakama hiyo ya Rufani wakaufunga mlango tena. Ndipo tarehe 14 Disemba 2017, katika shauri la Muruatetu, Mahakama ya Juu ya Kenya ikakata neno: adhabu ya kifo yabaki katika sheria, lakini ule ulazima umebatilika. Jaji sasa asikilize kabla ya kuhukumu. Atazame umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama amekiri, kama amejuta, kama alitenda kwa sababu ya mateso ya nyumbani, na kama yatarajiwa atengenee. Tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyo ikaeleza kwamba hukumu yake ni ya mauaji ya kusudi tu, wala wafungwa wa wizi wa mabavu wasiitegemee.

Yafaa pia tujue kwamba kitanzi chenyewe kilikuwa kimelala siku nyingi. Walionyongwa mwisho ni wa mwaka 1987, kwa uhaini wa Agosti 1982. Waliohukumiwa baada yao waliachwa wakingoja, mpaka Rais Kibaki mwaka 2009 akawageuzia zaidi ya watu 4,000 adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2016 akawageuzia 2,747. Haya yataka kufikiriwa. Maelfu walisamehewa kifo kwa kalamu moja, na katika kusamehewa huko wajane wa waliouawa hawakuulizwa mmoja mmoja.

Hapa ndipo lilipo shina la swali la Kapkatet: damu ya aliyeuawa ni haki ya nani?

Katika sheria ya dola ni haki ya serikali. Serikali ndiyo ishtakiyo, na Rais ndiye asameheaye, kwa shauri la kamati iliyowekwa na katiba. Katika desturi ya zamani ya Wakipsigis damu ilikuwa mali ya ukoo. Ukoo hutoa ng'ombe, ukoo hupokea, na kisasi hukatika. Sharia yetu imeiweka mikononi mwa warithi wa aliyeuawa. Wao ndio wenye kutaka kisasi, au kukubali dia, au kusamehe kabisa, na kusamehe kumesifiwa. Lakini kisasi chenyewe hakitekelezwi na mtu kwa mkono wake, bali na mwenye mamlaka baada ya hukumu.

Watu husema desturi ya Wakipsigis na dia yetu ni kitu kimoja. Zinafanana kwa nje, ila kuna tofauti ambayo wengi wetu, tukisema kweli, hatuijali. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ukoo hubeba dia pale mtu alipouawa kwa makosa, au kwa pigo ambalo kwa kawaida haliui. Aliyeua kwa kusudi hulipa katika mali yake mwenyewe, wala ami zake hawamnunulii salama. Pili, mke na mama na binti ni warithi katika haki ya damu kama walivyo warithi katika mali. Ami wa marehemu hawezi kukaa na wazee chini ya mti akasamehe kwa niaba ya mjane. Na ikiwa marehemu ameacha watoto wadogo, kisasi hungojewa mpaka wabaleghe, na muuaji hufungwa muda huo. Walii wao hana ruhusa ya kuitoa haki yao bure.

Je, mapatano yaweza kuimaliza kesi? Mwezi wa Mei 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliridhia shitaka la mauaji liondolewe baada ya jamaa za pande mbili kupatana kwa dia ya ngamia na mbuzi, kwa kutegemea ibara ya 159 ya katiba inayotaka njia za mapatano zikuzwe. Lakini baadaye majaji wengine walikataa maombi ya namna hiyo, na twaona walikuwa na hoja: tajiri akijua kwamba damu ina bei, hataogopa. Basi asidhani mtu Kapkatet kwamba ng'ombe wamefunga faili. Kesi ya kuua husikizwa na Mahakama Kuu, kama ile ya Kericho. Mahakama ya Kadhi haina mkono humo, kwani kazi yake ni nikaha, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo.

Jawabu letu ni kwamba yaliyoamuliwa mwaka 2017 yamempa mjane nafasi asiyoizoea. Jaji akisikiliza kabla ya kuhukumu, na sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waliodhulumiwa ikiwapa jamaa wa marehemu njia ya kueleza madhara yaliyowapata, mjane na aende mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, aseme kwa kinywa chake kama amesamehe au hakusamehe. Wazee wasimsemee. Na ikiwa mapatano yamekuwa kwa ridhaa ya warithi wote, kile kilichotolewa si cha ami wala cha mwenye kikao. Hugawanywa kama mirathi: mama wa marehemu, akiwa hai, sudusi, mjane mwenye watoto, thumni, na baba wa marehemu akiwa amekwisha kufa, kilichobaki ni cha watoto, mwanamume fungu mbili na mwanamke fungu moja, na fungu la wadogo huwekwa amana mpaka wakue.