SOMO: KULINDA MAANDISHI YA CHAMA BILA KUMSUMBUA MSOMAJI

Ndugu wafanyakazi,

Vyama vingi siku hizi vina tovuti. Humo huwekwa masomo, majedwali ya mishahara, mifano ya barua na picha za mikutano. Kazi hiyo imetokana na jasho na ada za wanachama. Kisha mtu huinakili, hufuta jina la chama na kuwauzia wanachama wale wale. Mbaya zaidi ni yule anayebadili tarakimu. Mfanyakazi akienda kwa mwajiri na jedwali lililochezewa, madai yake yatavunjika na lawama itakiangukia chama. Kwa hiyo ulinzi unahitajika. Lakini ulinzi wa namna gani?

1. Kufuli lisilofunga

Mafundi wengine hushauri kuzuia kitufe cha kulia cha kipanya, ili maneno yasinakiliwe. Tuelewe kwanza ukurasa unavyosomwa. Ili maneno yaonekane, ni lazima yafike katika simu au kompyuta ya msomaji. Yaani nakala tayari iko mkononi mwake. Mwizi huzima Javaskripti, au hupiga picha ya skrini, na kazi yake imekwisha.

Anayeumia ni mwanachama: dereva anayetaka kunakili kifungu cha likizo akiweke katika barua yake, au mpagazi anayetafuta namba ya simu ya ofisi. Wengine hugeuza maandishi yote kuwa picha. Picha hula bando, na ndugu yetu asiyeona, ambaye simu yake humsomea kwa sauti, hapati kitu. Huko ni kumfungia mwenye nyumba nje wakati mwizi amepita dirishani.

2. Ulinzi unaofaa

(a) Jina na tarehe. Taja chama ndani ya maelezo yenyewe, si chini ya ukurasa tu. Kila jedwali liwe na tarehe na anwani ya tovuti ambapo msomaji atalihakiki. Katika picha, weka alama ndogo pembeni isiyoziba nyuso za watu.

(b) Masharti yaliyo wazi. Kwa Mkataba wa Berne, ulioanzishwa mwaka 1886, kazi hulindwa bila kulazimika kuandikishwa. Tanzania ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999, Kenya 2001 na Uganda 2006. Lakini hakimiliki hulinda namna tulivyoandika, hailindi habari yenyewe. Kima cha chini cha mshahara kilichotangazwa na serikali ni habari ya wote.

Nasi twataka masomo yasambae. Leseni za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, zinasaidia hapo. Mojawapo humruhusu kila mtu kunakili na kugawa, mradi ataje mwenye kazi, asiifanyie biashara, wala asigawe iliyobadilishwa.

(c) Kuzuia roboti. Programu nyingine hukomba tovuti nzima kwa dakika chache. Faili iitwayo robots.txt, desturi iliyoanza mwaka 1994, huziambia zisiingie wapi. Ni kibao tu: mwungwana hukitii, mwizi hukipuuza. Kwa hiyo fundi aweke pia kikomo cha maombi kwa dakika katika seva. Kisiwe kidogo mno, kwa sababu simu nyingi za mtandao mmoja huweza kutokea kwa anwani moja ya intaneti.

(d) Kudai haki. Hifadhi ushahidi: picha ya skrini, anwani ya ukurasa na tarehe. Mwandikie mhusika kwa adabu kwanza. Akikataa, iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yake. Ikiwa kampuni iko Marekani, sheria ya DMCA ya mwaka 1998 ina utaratibu wa taarifa: taja kazi yako, mahali nakala ilipo, namna ya kukupata, tamko la nia njema na saini.

Ndugu, kila ulinzi tuupime kwa swali moja: unamzuia nani, mwizi au mwanachama?

Maswali ya kujadili tawini

1. Ni maandishi gani ya chama yakibadilishwa yataleta hasara kwa wafanyakazi?
2. Mwenye simu ndogo na bando dogo anausomaje ukurasa wetu?
3. Nani tawini atapewa kazi ya kutunza ushahidi na kuandika barua?

Umoja ni nguvu.