Kinga ya Maumivu ya Viungo na Misuli Msimu wa Baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Makete huwa kali, na katika uwanda wa Kitulo asubuhi nyingine hukuta majani yamefunikwa na sakitu. Ndio msimu ambao wakazi wengi, hasa wazee, hulalamikia magoti, mgongo na mabega.

Jina la baridi yabisi limewafanya wengi waamini kwamba baridi ndiyo chanzo cha maradhi hayo. Sivyo. Baridi yabisi hutokea kinga ya mwili inaposhambulia viungo, na maumivu mengi ya magoti ya uzeeni hutokana na kulika kwa gegedu. Kazi ya baridi ni kukaza misuli na kusinyaza mishipa midogo ya damu, hivyo kiungo kilicho kigumu huuma zaidi.

Kinga huanzia hapo. Kabla ya kushika jembe, mkulima anyooshe mikono, mgongo na miguu kwa dakika 5 hadi 10, kisha aanze kazi polepole. Nguo nyepesi mbili au tatu zilizovaliwa pamoja hutunza joto kuliko moja nzito, na zikilowa zibadilishwe mapema. Magoti, viganja na nyayo visiachwe wazi. Mzee asikae kitako kutwa nzima. Atembee kidogo kila baada ya muda. Misuli iliyokaza hutulizwa kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yasiyounguza.

Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu, na katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Chumba kipashwe joto kwa blanketi za kutosha, si kwa moto.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisinunuliwe kiholela, kwani huweza kudhuru tumbo na figo, hasa kwa wazee na wenye shinikizo la damu.

Kiungo kikivimba, kikiwa chekundu na chenye joto pamoja na homa, mgonjwa afikishwe zahanati siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto mwenye homa na viungo vinavyouma baada ya kuugua koo: huenda ni homa ya rumatiki, ambayo isipotibiwa huharibu moyo.