Ziwa Lililotafutwa, Kinamasi Kilichokutwa: Hesabu ya Maji ya Lorian

Mwezi Septemba 1892 msafara mkubwa uliondoka pwani ya Lamu ukaufuata mto Tana kuelekea bara. Kiongozi wake alikuwa William Astor Chanler, kijana wa New York mwenye umri wa miaka 25. Alifuatana na Ludwig von Höhnel, ofisa wa jeshi la majini la Austria. Von Höhnel alikuwa na uzoefu wa maziwa ya nchi hizi: mwaka 1888 yeye na mkuu wa msafara wake wa wakati huo, Teleki, walilifikia ziwa ambalo leo tunaliita Turkana, naye akalichora katika ramani. Safari hii walitafuta ziwa jingine. Habari zilizowafikia zilisema kwamba mto Ewaso Ng'iro unatoka milimani na kuishia katika maji mapana yaitwayo Lorian, ndani ya nchi kame iliyo kaskazini ya Tana. Mwanzoni mwa 1893 walifika mahali hapo, ambapo leo kaunti za Isiolo, Wajir na Garissa zinakaribiana. Walikuta kinamasi.

Mtu anaweza kukimaliza kisa hiki kwa kusema kwamba wenyeji na wafanyabiashara wa pembe za ndovu walitia chumvi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Aliyesema ziwa na aliyekuta kinamasi wanaweza wote wawili kuwa wamesema kweli, na tutaona sababu yake tukianza mwanzo kabisa: mto ni nini, na maji yake huenda wapi.

Mto ni maji ya mvua yanayoteremka. Mvua nayo hutokana na hewa yenye mvuke, yaani maji yaliyo katika hali ya gesi. Hewa hiyo inapokutana na mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na ikipoa, sehemu ya mvuke wake hugeuka kuwa matone. Ndiyo maana milima hupata mvua nyingi kuliko tambarare zinazoizunguka. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, na safu ya Nyandarua, ndiyo vyanzo vya mito yote miwili tunayoizungumzia, Tana na Ewaso Ng'iro.

Lakini mlima una pande mbili zisizolingana. Upande unaokabili pepo zinazotoka Bahari ya Hindi hupokea hewa ikiwa bado imejaa mvuke. Hewa hiyo ikivuka kilele na kuanza kushuka upande wa pili, hupata joto na kukauka. Upande huo huitwa kivuli cha mvua. Tana hukusanya maji ya upande wa kusini na mashariki, wenye mvua nyingi. Ewaso Ng'iro hukusanya ya kaskazini na magharibi. Kwa hiyo, ingawa mito hii ni kama watoto wa mama mmoja, tangu mwanzo haikupewa urithi sawa. Tana ikipita Garissa hubeba, kwa wastani, zaidi ya mita za ujazo 100 za maji kila sekunde. Ewaso Ng'iro ikipita Archer's Post, ambapo bado haijaingia katika nchi kame zaidi, hubeba kama 20. Mita moja ya ujazo ni maji yanayojaa sanduku lenye urefu, upana na kina cha mita moja, yaani lita 1,000.

Sasa tuufuate mto Ewaso Ng'iro. Huko juu mteremko ni mkali, maji huenda kasi, na maji yaendayo kasi yana nguvu ya kubeba mchanga na udongo. Kupita maporomoko ambayo yamebaki na jina la Chanler, na kupita mji wa Merti, ardhi inalala. Maji hupunguza mwendo, nguvu ya kubeba hupungua, na udongo huanza kutua. Udongo unaoachwa na maji huitwa mashapo. Mashapo yakijaa chini ya mto, kitanda chake huinuka, na maji yasiyo na mfereji wa kuyashika hutapakaa pembeni. Hivyo ndivyo kinamasi kinavyozaliwa: eneo la maji ya kina kifupi yaliyotulia, lenye matete na nyasi ndefu.

Kutapakaa huku ndiko kiini cha jambo lote, na msomaji avumilie hesabu kidogo hapa. Maji yaliyo wazi chini ya jua hupoteza sehemu yake hewani. Jua huzipa chembe za maji nishati, na zile zilizo juu kabisa hujitenga na kupaa kama mvuke. Tendo hili huitwa mvukizo. Hutokea kwenye uso wa maji, si katika kina chake. Kwa hiyo kiasi kinachopotea kwa siku hutegemea upana wa uso. Tuchukue kwamba katika nchi kame na ya joto uso wa maji hushuka milimita 6 kwa siku. Sanduku letu la mita moja ya ujazo, lenye kina cha milimita 1,000, litachukua siku 167 hivi kukauka. Yamwage maji yaleyale katika bwawa la kina cha milimita 100, na uso wake utakuwa mpana mara kumi. Yatakauka kwa siku 17. Maji hayakupungua hata tone tulipoyamwaga. Umbo lake tu ndilo lililobadilika.

Milimita 6 kwa siku, kwa mwaka mzima, ni takriban milimita 2,190. Mvua ya Garissa au Wajir kwa mwaka ni kama milimita 300 hivi. Hewa ya huku inaweza kudai maji mara saba kuliko mawingu yanavyotoa. Mimea ya kinamasi huongeza deni hilo, kwa kuwa hunyonya maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani.

Tukijua mto huleta kiasi gani na uso hupoteza kiasi gani, twaweza kukisia ukubwa wa Lorian. Maji yatazidi kutapakaa mpaka upotevu wa siku ulingane na maji yanayoingia siku hiyo. Hapo ndipo yatakaposimama. Hali hii huitwa mizania. Mto wenye mita moja ya ujazo kwa sekunde huleta mita za ujazo 86,400 kwa siku. Gawanya kwa milimita 6, yaani mita 0.006, upate mita za mraba 14,400,000, ambazo ni kilomita za mraba 14.4. Mto ukileta mara 20 ya hapo kwa muda wa kutosha, eneo nalo litakuwa mara 20: kilomita za mraba 288. Hilo ni duara lenye kipenyo cha kilomita 19. Mtu aliyesimama ukingoni, katika nchi isiyo na kilima, macho yake hufika kama kilomita 5 tu kabla uso wa dunia haujajipinda. Hataona ng'ambo. Ataliitaje eneo hilo, kama si ziwa?

Chanler na von Höhnel walifika wakati mvua za vuli zimekwisha na kiangazi kimeshika. Walikiona kinamasi katika siku zake za kujikunyata, na wakakiandika walivyokiona. Ramani ilifaidika, kwa sababu ziwa la kudumu kwa kweli halikuwepo. Lakini ramani ina wino mmoja tu kwa majira yote, na Lorian haina ukubwa mmoja. Mfugaji aliyewahi kuhamisha ng'ombe au ngamia kutoka hapo masika, kisha akawarudisha kiangazi, alikuwa na kipimo bora kuliko cha mpita njia mwenye dira.

Hata hivyo hesabu yetu ina upungufu mmoja: imechukulia kwamba maji hupaa tu. Mengine huzama. Mchanga una nafasi kati ya chembe zake, na maji hupenya humo mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha. Tabaka la mchanga au mwamba lililojaa maji kwa namna hii huitwa hifadhi ya maji ya ardhini. Chini ya njia ya Ewaso Ng'iro na mkondo wake mkavu iko hifadhi iitwayo Merti, inayoelekea mashariki hadi Somalia. Kwa visima virefu, watu wa Habaswein, Liboi na Dadaab huchota humo, wakiwemo wakimbizi walioanza kupokelewa Dadaab mwaka 1991. Katikati ya ukanda huo maji ni matamu; pembeni huwa ya chumvi, maana maji yanayopenya polepole huyeyusha chumvi nyingi ya udongo, na mvukizo haubebi chumvi hata kidogo.

Miaka ya mafuriko makubwa, mizania huvunjika. Maji huingia kwa wingi kuliko jua na mchanga vinavyoweza kupokea, nayo hufurika upande wa mashariki kupitia laga, yaani mkondo wa msimu, iitwayo Lagh Dera, kuelekea bonde la Juba. Miaka ya ukame mambo hugeuka. Na siku hizi kuna upungufu ambao msafara wa 1893 haukuukuta: maji ya mto hutolewa kwa wingi huko juu, Laikipia na kando ya Mlima Kenya, kumwagilia mashamba. Kila mita ya ujazo kwa sekunde inayozuiwa huko huondoa, kwa hesabu yetu ileile, kilomita za mraba 14 za malisho yenye maji huku chini.

Msomaji asiyetosheka na milimita 6 aipime mwenyewe. Achukue sufuria yenye kuta zilizonyooka, aitie maji, aiweke uwanjani mahali ambapo mifugo haifiki, na asome kina kwa rula kila asubuhi kwa wiki moja isiyo na mvua. Sufuria hupata joto haraka kuliko bwawa, hivyo kipimo chake kitazidi kidogo cha maji mapana. Kisha agawanye mita 86,400 za ujazo kwa kipimo chake cha upungufu wa siku moja, akikumbuka kwanza kukigeuza kuwa mita, naye atapata Lorian yake.