MAANA YA KUNASA, NA HUKUMU YA NYAMA YA MTEGO

  

Neno kunasa ni jirani wa kunata. Ulimbo hunata, nao ukimshika ndege, husemwa umemnasa. Ta imekuwa sa, kama takata ilivyokuwa takasa: la kwanza ni hali ya kitu chenyewe, na la pili ni tendo limfikialo mwingine. Lakini neno hili lina ajabu yake, kwamba aliyeshikwa naye husemwa amenasa. Husemwa "mtego umenasa kanga", na husemwa "kanga amenasa", na yote mawili ni sahihi. Akisemwa amenaswa, hapo hufahamika kwamba kiko kilichomnasa. Akisemwa amenasika, maana yake ameshikika wala hatoki. Na kumtoa ni kumnasua.

Watu hulitumia katika mambo mengi. Mtu humnasa mwenziwe kofi. Mwenye kukopa kwa riba hunaswa na deni. Na chombo cha kuhifadhi maneno huitwa kinasa sauti. Kukwama ni jambo jingine, kwani mzigo hukwama mlangoni wala hapana aliyeutega.

Lililo kubwa kwa mwanafunzi ni kupambanua baina ya kutega na kunasa. (Warundi nao, majirani wa Waha kwa lugha na kwa mpaka, husema gutega, na mtego ni umutego.) Kutega ni kazi ya mtu kwa mkono wake. Kunasa ni jambo litokealo baadaye, na pengine mtegaji yuko kwake amelala. Asiyelishika hili haelewi kwa nini wanazuoni wamehukumu kama walivyohukumu.

Suali: Mtu wa Nyakitonto, katika wilaya ya Kasulu, ametega tanzi jioni kando ya shamba lake, naye akasema Bismillahi. Asubuhi amemkuta paa amenasa, naye amekwisha kufa. Je, nyama yake ni halali?

Jawabu: Si halali, ni mzoga. Katika Surat al-Maida, aya ya 3, mnyama aliyekufa kwa kunyongeka ametajwa pamoja na mzoga na damu na nyama ya nguruwe. Wala Bismillahi ya jana haimfai, kwa sababu katika madhehebu ya Imamu Shafii kutaja jina la Mungu ni sunna wakati wa kuchinja au wa kupeleka silaha, wala si badala ya kuchinja. Hata akitia chuma chenye makali ndani ya mtego, na chuma kikamjeruhi mnyama akafa, bado si halali. Wanazuoni wamesema: amekufa pasipo tendo la mtu. Mshale umetoka mkononi mwa mwindaji, na mbwa aliyefundishwa ameondoka kwa amri yake. Ama mtego umekaa tu, na mnyama ndiye aliyeujia. Wako wasemao kwamba hasara ni kubwa na watoto wana njaa. Mwenye dharura ya kuogopa kufa ana hukumu yake mbali, na mwenye kutamani kitoweo si huyo.

Akimkuta yu hai, amchinje. Sharti ni uhai uliothubutu, ambao dalili yake ni damu kububujika au mnyama kutikisika kwa nguvu baada ya kukatwa. Hapana budi kukata koo la pumzi na koo la chakula yote mawili. Kwa hiyo mtegaji hutazama mtego wake mapema na mara kwa mara. Na kumwacha mnyama siku mbili katika tanzi ni adhabu, na khabari ya mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa yajulikana na kila mtoto wa chuoni.

Suali: Mnyama aliyenasa ni wa nani?

Jawabu: Ni wa aliyetega kwa nia ya kuwinda. Mpita njia akimchukua, amechukua mali ya mtu, na ni wajibu amrudishe. Lakini mnyama akinasa matopeni katika shamba la mtu, Imamu Nawawi katika Minhaj ameisahihisha kauli ya kwamba mwenye shamba hammiliki kwa hilo peke yake, maana hakuyaweka matope yale kwa kuwinda. Hapo tena lugha na sharia zimekwenda pamoja: kunasa kumekuwapo, kutega hakukuwapo.

Na watu husema, mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu bila ya haki, mbuzi wa jirani akatumbukia akafa, hulipa. Wala asiseme "mbuzi amejinasa mwenyewe".

Tena ijulikane kwamba sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila ya kibali, na matanzi na mashimo ya kunasia wanyama nayo yamekatazwa. Basi maneno yaliyotangulia yaeleza hukumu ya nyama na ya miliki. Hayampi mtu ruhusa ya kuingia porini na waya.

Ama samaki, mambo yake ni mepesi. Aliyenasa katika wavu wa Malagarasi, au dagaa wa ziwa la Tanganyika wavuliwao usiku wa giza kwa taa, huliwa hata akikutwa amekufa wavuni, wala hahitaji kuchinjwa.