Kompyuta Mpakato ya Bei Nafuu kwa Michezo ya Kuigiza Maisha

Tangu Oktoba 2022 mchezo wa msingi wa The Sims 4 hupatikana bila malipo. Gharama imebaki kwenye kompyuta. Twamshauri anayenunua kompyuta iliyotumika asiridhike na stika ya i7: i7 ya mwaka 2012 yaweza kupitwa na i5 ya miaka ya karibuni. Afungue mipangilio hapo dukani, ajisomee. RAM ya GB 4 huuwasha mchezo, lakini familia ikiongezeka na nyumba ikijaa samani mashine huanza kukwama. Atafute GB 8. Katika kompyuta nyingi nyembamba RAM imechomelewa kwenye ubao, haiongezwi. Diski iwe SSD yenye nafasi, maana vifurushi vya nyongeza huijaza upesi. Kabla ya kulipa, aitumie nusu saa bila chaja, kisha adai risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana.