Somo: Kununua Nyumba ya Kwanza Ugenini

Somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulitamani na wachache hujifunza kabla ya kulitenda: kununua nyumba ya kwanza, mtu akae ndani yake miaka kadha, kisha akihama aipangishe. Nia hii ni njema. Mwenye nyumba yake hupumzika na kuhamahama, na watoto wake hupata kitu cha kurithi. Walakini nia njema haimwokoi mtu na hesabu mbovu, wala na muuzaji asiyekuwa na haki ya kuuza.

Ili maneno yetu yasiwe ya juu juu, natutwae mahali mahsusi. Natutwae Maseno, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, karibu na mstari wa ikweta. Mahali hapo palianza kujulikana mwaka 1906, wamisionari wa Kianglikana walipofungua kituo na shule. Leo kinachoupa uhai mji huo ni Chuo Kikuu cha Maseno, kilichopata daraja ya chuo kikuu kamili mwaka 2001. Watumishi na wanafunzi wake hutoka pande nyingi za Kenya. Basi tumfikirie kijana wa Mombasa aliyepata kazi huko, amechoka kulipa kodi ya nyumba kila mwezi, naye ameonyeshwa nyumba ya kununua. Aanze wapi?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba desturi ya ardhi ya huko siyo ya kwetu. Sisi Mombasa tumezoea nyumba bila ardhi: ardhi ni ya mtu mmoja, nyumba ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi ijara yake. Kwa hiyo macho yetu huenda kwanza kwenye kuta na paa. Huko Maseno nyumba hufuata ardhi. Ukinunua kuta zilizosimama juu ya ardhi isiyokuwa haki ya muuzaji, umenunua mawe na mabati yaliyo katika kiwanja cha watu.

Na ardhi nyingi ya pande hizo ni ya jamaa, imetoka kwa babu ikaja kwa baba. Mara nyingi babu amekwisha kufa zamani, na hati ingali kwa jina lake. Anakuja mjukuu mmoja mwenye shida, anataka kuuza. Sheria ya mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha mirathi. Hili sisi halitushangazi, kwani katika mirathi yetu pia mrithi mmoja hana mamlaka ya kuuza mafungu ya ndugu zake. Tazama vile vile kama muuzaji ana mke: sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inamzuia mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Tazama tena kama pana makaburi kiwanjani. Watu wa huko huzika nyumbani kwao, na mahali palipozikwa wazee hapauziki kwa moyo mkunjufu.

Jambo la pili ni hati. Usitosheke na karatasi uliyoonyeshwa. Nenda katika afisi ya ardhi ulipe uangaliziwe daftari, ujue mwenye mali ni nani, na kama pana deni au zuio la mahakama. Mchukue mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mipaka. Kisha uliza hati hiyo ilianzaje. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Upeo ya Kenya iliamua kesi ya kiwanja kimoja cha Nyali, hapa hapa kwetu. Kampuni iliyokinunua ilikuwa na hati mkononi; mahakama ikasema kwamba ardhi ile ilikuwa ya umma, na ilitolewa tangu mwanzo pasipo kufuata sheria, basi hati haikumlinda mnunuzi. Ikiwa mti umeota vibaya tangu shinani, kulinunua tawi hakuusimamishi.

Jambo la tatu ni idhini. Ardhi ikiwa imeandikwa kuwa ya kilimo, mauzo yake yataka ruhusa ya Baraza la Udhibiti wa Ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi 6 tangu kufanywa mapatano. Bila ya ruhusa hiyo mauzo ni batili, na kinachobaki kwa mnunuzi ni kudai fedha zake kama mdai yeyote. Sheria yataka pia mapatano ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Aya ya deni katika Suratul-Baqara imekwisha kutufundisha kuandika na kushuhudisha. Basi ni aibu kwetu kutoa arbuni kwa kupeana mikono tu. Na katika kuweka akiba usisahau ushuru wa stempu: 4 kwa mia ya thamani katika miji, 2 kwa mia mashambani, mbali na malipo ya wakili.

Jambo la nne ni hesabu ya kupangisha, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Tupige mfano. Tuseme nyumba pamoja na vyumba vyake vya uani imegharimu shilingi 4,000,000, na kodi zake zote ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye pupa hupiga mara 12, akapata 360,000, akasema: kila mwaka napata 9 kwa mia, kwa miaka 11 nyumba imejilipa. Hesabu hiyo ni ya nyumba isiyokaa tupu, isiyovuja, na isiyojulikana na serikali.

Wapangaji wa Maseno wengi ni wanafunzi, na wanafunzi huenda likizo. Toa miezi 2: zimebaki 300,000. Tangu Januari 2024 serikali hutoza 7.5 kwa mia ya kodi zote zilizopokewa, kabla ya kutoa gharama, kwa apataye baina ya shilingi 288,000 na 15,000,000 kwa mwaka. Toa 22,500. Weka 30,000 za rangi, mabomba na mabati. Na kwa kuwa wewe umekwisha rudi Mombasa, mpe mwangalizi 4,000 kila mwezi, yaani 48,000. Kilichobaki ni 199,500, hata 5 kwa mia hakitimii, na nyumba itajilipa kwa miaka 20. Na huo ni mwaka wa salama. Machi 2020, kwa ajili ya korona, vyuo vyote vya Kenya vilifungwa, na mwenye kutegemea wanafunzi peke yao akabaki na vyumba vitupu.

Basi sasa tazama mkopo. Riba ya mikopo ya nyumba katika benki za Kenya imekuwa zaidi ya 10 kwa mia kwa miaka mingi. Nyumba izaayo 5 haiwezi kubeba deni lilalo 10. Riba tumekatazwa, na hapa hesabu nayo yashuhudia hekima ya katazo. Tangu mwaka 2008 zimekuwako Kenya benki zinazofuata sharia, nazo huuza kwa faida iliyotajwa au huingia shirika na mnunuzi, naye akanunua fungu lao kidogo kidogo. Hii ni njia, walakini jumla ya malipo isomwe vile vile, kwani jina la halali halipunguzi bei.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: nunua nyumba ambayo ungeridhika nayo hata asipatikane mpangaji mmoja. Ikiwa yakutosha kwa kukaa, na fedha zake hazikukuvunja, basi kodi itakayokuja baadaye ni nyongeza. Ama ikiwa huwezi kuilipa ila kwa kodi ya watu ambao hawajaja, ngoja. Kuendelea kupanga mwaka mmoja zaidi si aibu; aibu ni kununua ugomvi wa jamaa ya watu, na kuwaachia watoto deni mahali pa urithi.