KABLA HUJANUNUA KADI YA GRAFIKI, SOMA HAPA KWANZA

Somo la leo linatokana na swali la mdau wetu wa Sumbawanga. Anauza mchele wa Bonde la Rukwa na dagaa wa Kasanga mtandaoni. Desktop yake ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Akitengeneza video ya tangazo, mashine inaganda. Anauliza: "Boss, ninunue kadi gani ya bei nafuu?"

Boss wangu, usikurupuke. Tuseme faida yako kwa ndoo moja ya dagaa ni 5,000. Kadi ya 200,000 ni sawa na ndoo 40. Huo ni mtaji, sio hela ya kujaribia. Twende hatua kwa hatua.

1. JUA UGONJWA KWANZA
Fungua Task Manager, nenda Performance, halafu endelea na kazi yako ya kawaida. Kama diski iko 100% au ram imejaa, kadi haitakusaidia kitu. Weka SSD na ongeza ram (mashine za umri huo zinatumia DDR3). Kama kazi yako ni posta na picha za bidhaa tu, mara nyingi hapo umeshapona na hela imebaki.

2. ANGALIA PAWA SAPLAI NA KESI
Fungua kesi, soma stika ya pawa saplai. OptiPlex 7010 ile nyembamba ina wati 240 tu, kubwa yake ina 275. Kwa hiyo tafuta kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, isiyozidi wati 75, isiyohitaji waya wa ziada. Kesi nyembamba inataka kadi fupi, kadi ya kawaida haiingii. Pima kwa rula kabla ya kulipa.

3. CHAGUA KULINGANA NA KAZI
• GT 1030: inakula wati 30, inafaa kesi nyembamba. Chukua ya GDDR5, ikimbie ya DDR4. Jina ni moja ila ya DDR4 ni nzito sana. Inaonyesha picha vizuri, lakini haina sehemu ya kusaidia kutoa video.
• GTX 1050 Ti au GTX 1650: wati 75, memori GB 4, na zina sehemu ya kutoa video. Anayeedit video kila siku aanzie hapa, hasa mwenye kesi kubwa. Hakikisha unapata toleo lisilo na tundu la waya wa umeme.
• RX 6400: usidanganyike kwa sababu ni mpya. Nayo haina sehemu ya kutoa video, na kwenye mazabodi ya zamani inapungua kasi.

4. ANGALIA SKRINI YAKO
Skrini nyingi za zamani zina VGA tu. Kadi hizi mara nyingi hutoa HDMI au DisplayPort. Weka adapta kwenye bajeti.

5. KWEPA KADI FEKI
Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ili zijiite 1050 Ti. Dawa yake ni GPU-Z, programu ya bure. Kadi ya namna hiyo huandikwa FAKE. Ukiagiza kutoka Kariakoo au Mbeya, mwambie muuzaji aifungue GPU-Z mbele ya mtu wako, au kwa simu ya video, KABLA hujatuma hela. Mzigo ukishapanda basi, kuurudisha Dar kutoka Sumbawanga ni nauli nyingine na siku za kazi zimepotea.

6. SIKU YA KUFUNGA
Chomoa umeme kabisa. Puliza vumbi, maana kiangazi chetu huku Ufipa mnakijua. Ukimaliza, waya wa skrini uchomeke kwenye KADI, sio kule nyuma ulikozoea. Wengi hulia "kadi mbovu" kumbe kosa ni hilo.

Mdau wetu alipoangalia, ram yake ilikuwa GB 4 na imejaa. Tumemshauri aanze na ram na SSD, kadi ingoje msimu wa mavuno.

Na wewe, Task Manager yako inasemaje? Andika hapo chini aina ya mashine na wati za pawa saplai, tushauriane. Shea kwa mwenzako kabla hajatuma hela.